Ubishi Ulioanzia Ngazini: Je, Viwanja vya Michezo Viwe na Chumba cha Sala?

Machi 2015, Liverpool walikuwa wakicheza na Blackburn Rovers katika Kombe la FA pale Anfield. Wakati wa mapumziko mashabiki wawili Waislamu walishuka kwenye ngazi za jukwaa, wakatafuta kona isiyo na mapito ya watu, wakaswali. Shabiki mwingine akawapiga picha, akaipandisha mtandaoni na kuandika kuwa ni aibu. Klabu na polisi wakaifuatilia habari yenyewe, na kwa siku kadhaa watu ambao hawajawahi kukanyaga Anfield walikuwa wakirushiana maneno juu ya jambo lililochukua dakika chache kwenye ngazi.

Tangu hapo kila picha ya namna hiyo ikitokea, ubishi unaanza upya na hoja ni zilezile. Huyu anasema viwanja vinageuzwa misikiti. Yule anajibu kwamba kunyimwa chumba cha sala ni kunyimwa haki. Wa tatu anacheka tu: mcha Mungu na mpira, wapi na wapi? Nimeyasoma mabishano haya mara nyingi, na kinachonishangaza ni kwamba wabishani wenyewe hawazungumzii kitu kimoja. Mmoja anafikiria jengo lenye mnara, mwenzake anafikiria chumba tupu chenye zulia. Mmoja anamzungumzia mchezaji, mwingine mtazamaji aliyelipa tiketi. Tuyapange maneno kwanza, ndipo tugombane vizuri.

Nani anasali, nani anaswali

Kiswahili chenyewe kinatutega hapa. Mkristo husali, Mwislamu huswali, na wote wawili huomba dua au hufanya maombi. Kwenye mazungumzo ya kawaida tunachanganya tu na tunaelewana, lakini kwa suala letu tofauti ni kubwa.

Dua na maombi hayana masharti ya mahali. Mtu anaomba akiwa ameketi, macho wazi, kikombe cha chai mkononi. Sijui kama kuna mahali penye dua nyingi duniani kuliko jukwaa la timu inayosubiri penalti ya mwisho, na hakuna aliyewahi kudai chumba kwa ajili hiyo. Swala ya Kiislamu ni jambo jingine. Ina saa yake, ina upande wa kuelekea (kibla), inatanguliwa na udhu, yaani kuosha uso, mikono na miguu, na mwili wote unashiriki: kusimama, kurukuu, kusujudu paji la uso likigusa chini. Kwenye kiti cha plastiki katikati ya safu, mbele yako mgongo wa mtu na nyuma yako magoti ya mwingine, haiwezekani kuitimiza kwa umbo lake. Wayahudi washika dini nao wana sala zao za alasiri na jioni, na inapendekezwa wakusanyike angalau kumi. Kwenye viwanja vya besiboli vya New York, kama Citi Field, kuna desturi ya muda mrefu ya Wayahudi kukutana karibu na vibanda vya chakula cha kosha katikati ya mchezo, wakasali pamoja wakarudi vitini.

Kwa hiyo tukisema chumba cha sala tunazungumzia hasa ibada inayohitaji sakafu na saa. Ndiyo maana Waislamu wanatajwa kuliko wengine wote. Si kwamba wao wanadai zaidi, bali wengine ibada yao inaenea kwenye kiti.

Sasa chumba chenyewe. Kuna msikiti, ambao katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ni mahali palipowekwa wakfu. Pakishakuwa msikiti, mwenye jengo hawezi kuamka kesho akapageuza stoo. Kuna kikanisa, yaani kanisa dogo lililowekwa rasmi kwa ibada ya Kikristo. Kuna chumba cha imani zote, ambacho hakina alama ya kudumu ya dini yoyote: zulia, kabati la misala na vitabu, kishale cha kibla kwenye kona ya dari, basi. Halafu kuna chumba cha utulivu, ambacho watu wengi hukichanganya na hivyo vingine. Hiki kilianza kwa ajili ya mashabiki wenye usonji na wengine wanaoelemewa na kelele. Sunderland walifungua cha kwao mwaka 2015, chenye kioo cha kutazamia mchezo bila ghasia za jukwaa. Chumba cha utulivu si chumba cha sala, na kuvilazimisha viwe kimoja ni kuwaudhi wote wawili, yule anayetafuta ukimya akute watu thelathini wakisema "Amin" kwa pamoja, na yule anayeswali ajikute anaombwa apunguze sauti.

Kinachoombwa mara nyingi viwanjani ni kile cha imani zote. Anayepiga kelele kwamba uwanja unajengewa msikiti anapinga kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

(Lugha yetu ina utani wake pia. Msala ni mkeka wa kuswalia, lakini ukimwuliza mtu aliko mwenzako akakujibu "yuko msalani", ujue yuko chooni. Wazee waliona kwamba vyote viwili ni haja ambazo binadamu hazipangii saa. Tutarudi huko.)

Hesabu ya saa

"Si angoje mechi iishe?" Swali hili ni la haki na linastahili jibu la saa mkononi.

Chukua mechi ya soka inayoanza saa 12 jioni mahali palipo karibu na ikweta, siku ambayo jua linazama saa 12:30. Kipindi cha kwanza, ukiongeza dakika mbili za nyongeza, kinaisha saa 12:47. Mapumziko kwa sheria za soka hayazidi dakika 15, kwa hiyo mpira unarudi katikati saa 1:02 usiku na kipenga cha mwisho kinalia kama saa 1:52. Swala ya magharibi nayo huingia jua linapozama na hutoka mabaki ya mwanga yanapopotea angani. Karibu na ikweta giza halisubiri, ni kama saa moja na dakika kumi tu, yaani saa 1:40. Mechi imeimeza swala yote. Anayengoja kipenga cha mwisho amechelewa, na bado hajapambana na foleni ya kutoka. Zimebaki zile dakika 15.

Sasa nenda London mwezi Desemba. Mechi za Jumamosi kwa mazoea huanza saa 9 alasiri, na jua la huko siku hizo huzama kabla ya saa 10. Magharibi inaingia watu wakiwa kwenye mapumziko, lakini jioni ya kaskazini ni ndefu, na mechi inaisha kabla ya saa 11. Shabiki huyu ana nafasi ya kungoja. Kwa hiyo jibu linategemea mwezi, latitudo na saa ya kuanza mchezo, na yeyote anayekuambia kwamba mashabiki wote Waislamu wanakwama au kwamba hakuna anayekwama hajaangalia ratiba.

Mchezo nao ni tofauti. Kriketi ya siku tano ina saa sita za kucheza kila siku, na mtazamaji anayekaa kutwa atapitiwa na swala za adhuhuri na alasiri zote mbili. Nchini Pakistan mapumziko ya mchana siku ya Ijumaa hurefushwa ili watu wahudhurie swala, maana Ijumaa haiswaliwi peke yako kwenye kona. Ndondi za usiku au mbio za mita 100 hazina tatizo hilo hata kidogo.

Kuna anayesema dini yenyewe imetoa rukhsa ya kujumuisha swala mbili, yaani kuziswali pamoja kwa wakati wa mojawapo. Ni kweli, rukhsa ipo. Mashia hujumuisha kama jambo la kawaida. Kwa Wasunni wengi rukhsa hiyo imefungwa kwenye safari, mvua au dharura, na nusu fainali, kwa uchungu wote inaoweza kuleta, haijatajwa miongoni mwa dharura. Mwenye uwanja hana haja ya kuamua mjadala huo. Inatosha kujua kwamba miongoni mwa waliokata tiketi wapo ambao kwao kungoja si chaguo, na kwamba watu hao wataswali, chumba kiwepo kisiwepo.

Ngazi ni za kukimbilia

Hapa ndipo ninapodhani mjadala mzima umeshikwa mkia badala ya kichwa. Tunauliza kama dini iruhusiwe kuingia uwanjani, ilhali imeshaingia kitambo na tiketi yake. Swali lililobaki ni kama itakaa chumbani au ngazini.

Na ngazi si mahali pa mtu yeyote kukaa. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza unataka jukwaa liwe na njia za kuwatoa watu kwa muda usiozidi dakika 8. Hesabu hizo zimeandikwa kwa machozi. Mwaka 1985 jukwaa la mbao la Bradford City liliwaka moto ukalimeza kwa dakika chache, wakafa watu 56, wengi wakiwa wamekimbilia nyuma kwenye milango iliyofungwa. Tangu siku zile mtu wa usalama akiona ngazi yenye watu saba waliosujudu haoni Waislamu wala uchochezi. Anaona njia iliyoziba. Angewaondoa hata kama wangekuwa wanacheza karata.

Upande wa pili wa kukosa mahali maalumu ni shaka. Septemba 2005, kwenye Giants Stadium huko New Jersey, Marekani, wanaume watano Waislamu waliokwenda kutazama mechi waliswali, kisha wakatolewa vitini na kuhojiwa na FBI. Siku ile George H. W. Bush, rais mstaafu, alikuwapo uwanjani, na maofisa walieleza kwamba mahali walipochagua kuswalia palikuwa karibu na mitambo ya kuingizia hewa. Wao walikuwa wametafuta tu pembe tulivu. Ukiitazama kesi ile bila hasira, pande zote mbili zilikuwa zikifanya kilichotarajiwa: mwenye kuswali hutafuta mahali pasipopita watu, na mlinzi hushuku mtu aliye mahali pasipopita watu. Kibao kimoja cha "chumba cha sala, ghorofa ya pili" kingewaepusha wote na usiku ule.

Kuna na udhu. Msomaji asiyeswali huenda hajawahi kuliona hili kwa karibu. Mtu yuko kwenye choo cha jukwaani wakati wa mapumziko, mguu wa kulia ndani ya sinki la kunawia uso, mkono mmoja umeshika ukuta asianguke, soksi begani, suruali imekunjwa hadi magotini. Nyuma yake foleni ya watu kumi, baadhi yao na bia kadhaa tumboni. Maji yanatiririka sakafuni, mtu anateleza, mwingine anaguna, mhudumu wa usafi anatukana kimoyomoyo. Bomba moja fupi lenye kitako cha kukalia na tundu la maji chini lingemaliza fujo yote hiyo, na lingemaliza kwa bei ya bomba.

Haki, hisani au huduma?

Neno haki linatumika ovyo kwenye mjadala huu, na kila upande una kosa lake.

Kwanza, kwa nchi ninazozifahamu sheria zake katika jambo hili, mtazamaji hana haki ya kisheria ya kujengewa chumba cha sala. Sheria ya usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mteja kwa dini yake, lakini wajibu wa kurekebisha jengo umewekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Marekani ni vivyo hivyo: nafasi za viti vya magurudumu ni amri, chumba cha sala si amri. Kutokubagua ni kutokumfukuza mtu mlangoni kwa sababu ya kanzu au kilemba chake. Kumjengea ni habari nyingine.

Kwa mfanyakazi mambo hubadilika. Sheria ya haki za kiraia ya Marekani ya mwaka 1964 inamtaka mwajiri amrahisishie mfanyakazi wake kutimiza dini yake mpaka pale inapomletea mzigo mkubwa, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliukaza wajibu huo katika kesi ya mfanyakazi wa posta aliyekataa kazi ya Jumapili. Uwanjani kuna wapishi, walinzi, wauza tiketi, wapiga picha na wafagiaji wanaoingia saa nne kabla ya mechi na kutoka saa mbili baada yake. Hao ndio wanaopitiwa na swala nyingi kuliko shabiki yeyote, na hakuna picha zao mtandaoni. Viwanja ambavyo vimewatengea wafanyakazi chumba vimeshajibu nusu ya swali. Kilichobaki kubishaniwa ni nani apewe ufunguo.

Ufaransa ndiyo inayonifikirisha zaidi. Sheria ya mwaka 1905 ilitenganisha dini na serikali, na fedha za umma haziwezi kuendeshea dini. Viwanja vingi vikubwa vya huko, Parc des Princes na Vélodrome vikiwemo, ni mali ya miji, kwa hiyo mtu anaweza kudhani mjadala umekwisha. Lakini kifungu cha pili cha sheria hiyohiyo kinaruhusu kugharimia huduma za kiroho mashuleni, hospitalini na magerezani. Kwa nini huko? Kwa sababu mgonjwa hawezi kutoka wodini kwenda kanisani, na mfungwa hawezi kutoka gerezani kwenda msikitini. Serikali iliyomzuia mtu isitoke inabeba wajibu wa kumfikishia anachokosa.

Shabiki si mfungwa, atasema mtu. Alikuja mwenyewe na akitaka anaondoka. Sawa. Ila geuza tiketi yako usome maandishi madogo: viwanja vingi vikubwa vinasema ukishatoka hurudi. Msikiti au sinagogi lipo hatua mia mbili kutoka lango la kusini, lakini ukivuka lango hilo umepoteza kipindi cha pili pamoja na pesa yako. Hapo shabiki naye ni mfungwa kidogo, na kifungo hicho kimewekwa na mwenye uwanja kwa sababu zake za usalama na biashara. Ni sababu hiyohiyo inayomfanya lazima awe na vyoo, maji ya kunywa na mtu wa huduma ya kwanza. Hakuna anayedai kwamba choo ni haki ya kikatiba ya mpenda mpira. Ni kwamba ukiwafungia watu elfu arobaini kwa saa tatu, haja zao zimekuwa shughuli yako.

Ningeachia hapo kulinganisha na choo, maana mfano huo una mwisho wake. Kila binadamu huenda choo, si kila binadamu huswali. Ndiyo maana chumba cha sala kinapimwa kwa mahitaji: wangapi, siku zipi, saa ngapi. Uwanja ambao katika mechi nzima wataswali watu wawili unaweza kumaliza jambo kwa mlinzi kuwaonyesha ofisi iliyo wazi. Uwanja wa mji wenye Waislamu wengi ukifanya hivyo unajitafutia picha nyingine ya ngazini.

Ukubwa gani, fedha za nani

Anayeswali anachukua nafasi ya msala mmoja, upana wa sentimita 70 hivi na urefu wa mita moja na kidogo. Wajapani walishatupigia hesabu hii. Julai 2018, nje ya Toyota Stadium, kampuni moja ya huko ilionyesha lori la tani 25 lililogeuzwa mahali pa kuswalia, wakilenga Olimpiki ya Tokyo. Ubavu wa lori unafunguka, sakafu inatanuka hadi mita za mraba 48, watu 50 wanaswali kwa mkupuo mmoja, na mabomba ya udhu yako nje. Swala ya magharibi ni rakaa tatu, dakika tano au saba kwa imamu asiyependa sura ndefu. Mapumziko ya dakika 15 yanatosha mikupuo miwili, yaani watu mia, kwenye chumba cha ukubwa wa sebule mbili kubwa. Linganisha na vyumba vya wageni maalumu vilivyozunguka uwanja, ambavyo siku nyingine hukaa tupu na sahani za karanga mezani.

Kwa hiyo hoja ya gharama, katika uwanja unaojengwa upya, ni nyepesi kuliko inavyopigiwa kelele. Katika uwanja wa zamani wenye korido kama mashimo ya panya ni nzito kweli, na hapo simlaumu msimamizi anayesema hana pa kukiweka.

Mwaka 2012 Australia walibishana hivihivi pale ligi yao ya mpira wa Kiaustralia (mchezo wao wenyewe, si soka la kawaida) ilipoanza kuweka vyumba vya sala viwanjani, Melbourne Cricket Ground wenye kuchukua watu laki moja ukiwa miongoni mwao. Bachar Houli, Mwislamu aliyekuwa akiichezea Richmond, aliunga mkono. Wapinzani walisema mpira unaingizwa siasa na kwamba hakuna aliyewahi kuhitaji chumba miaka yote hiyo. Hoja ya mwisho nimeisikia mara nyingi, na jibu lake ni kwamba wahitaji walikuwa hawaji, au walikuja wakaswalia kwenye maegesho ya magari kati ya magari mawili. Kutoonekana hakukuwa kutokuwapo.

Na wale wanaosema viwanja havikuwahi kuwa na dini? Nenda Gelsenkirchen, Ujerumani. Ndani ya uwanja wa Schalke kuna kikanisa kilichofunguliwa mwaka 2001 pamoja na uwanja wenyewe, kinachotumiwa na Wakatoliki na Waprotestanti, na watu hufungia ndoa na kubatizia watoto humo. Uwanja wa Olimpiki wa Berlin na ule wa Frankfurt navyo vikapata vikanisa vyao miaka michache baadaye. Goodison Park, uliokuwa nyumba ya Everton kwa zaidi ya karne, ulikuwa na kanisa la St Luke limebanwa kwenye kona ya majukwaa mawili kana kwamba lilikata tiketi. Sijawahi kusoma popote kwamba Schalke wamegeuza uwanja kanisa.

Lazima niwe mkweli upande mwingine pia. Chumba kinachoitwa cha imani zote, ambacho kila ukiingia unakuta misala imetandikwa wakati wote na viatu vimejaa mlangoni, hakimkaribishi Mkristo wala Mhindu aliyetaka dakika mbili za ukimya, hata kama hakuna aliyemfukuza. Jina peke yake halifanyi kazi. Vifaa virudi kabatini baada ya matumizi, na ratiba ibandikwe ukutani. Pawe na pazia la kutenganisha wanawake na wanaume ambalo linakunjwa wasiolihitaji wakiingia. Na chumba kisiwe cha mawaidha: siku ambayo mtu ataanza kuhubiri mle ndani juu ya timu ya upande wa pili au dini ya upande wa pili, wasimamizi watakuwa na sababu nzuri ya kukifunga.

Vitu vinavyochanganywa na chumba

Nivipitie haraka, kwa sababu vinaharibu mazungumzo. Aprili 2021, Leicester na Crystal Palace walisimamisha mchezo kidogo ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wafuturu. Hilo ni suala la wachezaji na waamuzi. Ufaransa mwaka 2023 shirikisho la soka lilikataza kusimamisha mechi kwa sababu hiyo, na unaweza kukubaliana nalo huku ukitaka mashabiki wawe na chumba, au kinyume chake. Blackburn Rovers walifungua uwanja wao kwa swala ya Idi mwaka 2022, na Chelsea wakaandaa futari uwanjani kwao mwaka 2023. Hizo ni hafla za siku moja ambazo klabu huwaalika majirani zake. Chumba cha sala ni huduma ya kila mechi, haina kamera wala hotuba, na ikifanya kazi vizuri huisikii ikitajwa.

Mimi msimamo wangu unaeleweka: uwanja unaofunga milango kwa saa kadhaa na unaojua kwamba miongoni mwa wateja wake wapo wenye ibada ya saa na sakafu, uwatengee chumba, kidogo, safi, kisicho na alama, chenye bomba la chini. Usiite hisani, usiite ushindi wa mtu dhidi ya mtu. Kiwe kwenye orodha ileile ya vyoo, maji na huduma ya kwanza, na mhudumu wa langoni ajue kiko wapi.

Hilo la mhudumu naliweka kwa sababu. Niliwahi kwenda kutazama mchezo kwenye ukumbi mmoja mkubwa, na ramani iliyobandikwa ukutani ilikuwa na kialama cha mtu aliyepiga magoti, ghorofa ya tatu, upande wa kaskazini. Wakati wa mapumziko nikapanda. Tulikuwa watu kama kumi na wawili mbele ya mlango umefungwa, kibao kipo, na kwenye kioo kidogo cha juu ungeweza kuona makatoni ya maji ya chupa na mabango ya msimu uliopita yamelundikwa hadi karibu na dari. Mzee mmoja akamwita mlinzi. Mlinzi alikuwa mstaarabu kabisa, akapiga redio, akangoja, akapiga tena, halafu akatugeukia. Ufunguo, akasema, anao bosi, na bosi ameshuka kutazama mchezo.

Tukaswali ngazini.